Shajara ya Mradi: Hati za Tenzi na Wasomaji Wake katika Pwani ya Mtang'ata

Shajara hii inafuata kazi ya kupiga picha, kusoma na kuorodhesha hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilizomo majumbani mwa watu kusini mwa mji wa Tanga, yaani pwani ya Mtang'ata, katika vijiji vya Machui, Mwarongo, Tongoni na Kigombe, pamoja na simulizi zinazohusiana nazo katika madago (kambi za muda) ya wavuvi wa visiwa vya Jambe na Karange. Imepangwa kwa misimu ya pepo, kama kaskazi itokayo kaskazini na kusi itokayo kusini, si kwa robo za mwaka wa fedha, kwa sababu mfadhili anaweza kungoja taarifa lakini mvuvi hawezi kuingojesha bahari, na mama ambaye chombo cha mumewe kimetia nanga alfajiri hana nafasi ya kukaa mbele ya kinasa sauti mpaka samaki wawe wamepata mnunuzi.

Desemba, kaskazi inaingia

Barua za utambulisho zimepita ofisi ya mkoa, zikashuka Jiji la Tanga na Wilaya ya Muheza, na sasa zimo mikononi mwa watendaji wa vijiji. Katika kila kikao swali la kwanza lilikuwa lile lile: hati zitapelekwa wapi? Swali hilo halitokani na ukaidi. Watu wa pwani hii wanajua kwamba hati nyingi za Kiswahili zimo katika maktaba za London na Dar es Salaam, na kwamba baadhi yake ziliondoka nyumbani kwa jina la kuazimwa. Wanajua pia faida ya jambo hilo. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi (Wajerumani) katika Mrima, yaani pwani ya bara, wa mwaka 1307 wa Hijria, ulichapishwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya J.W.T. Allen, na pasipo kuchapishwa huko wengi wetu tungekuwa tunavijua vita vya mwaka 1888 na 1889, na kunyongwa kwa Bushiri bin Salim pale Pangani, kwa maneno ya Wajerumani peke yao. Hasara na faida zimekaa pamoja, na mzee aliyetaka jibu la ndiyo au hapana alikuwa na haki ya kulitaka.

Tulimjibu kwamba hakuna karatasi itakayovuka kizingiti cha nyumba yake. Kamera itakwenda kwenye hati, na picha zitabaki kwa wenyewe kabla hazijafika kwetu.

Lililochukua muda mrefu zaidi ni suala la nani hasa ni mwenyewe. Fomu ya idhini tuliyopewa ina nafasi ya sahihi moja, kana kwamba kila hati ina mmiliki mmoja. Majumbani mambo si hivyo. Hati aliyoiacha babu imeingia katika mirathi, na kama warithi hawakuigawa, basi kila mmoja wao ana fungu lake ndani yake, pamoja na shangazi aliyeolewa Pangani na kaka anayeishi Mombasa. Nyingine zina maneno ya wakfu katika ukurasa wa kwanza, na kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi zawadi. Kwa hiyo tumeiweka kando fomu ya sahihi moja na kuomba kikao cha ukoo, ambacho kinarekodiwa kwa sauti, kila aliyehudhuria akitaja jina lake na kauli yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa iwe ya hiari na ya mtu anayeelewa anachokubali, na kwa maoni yangu kikao cha ukoo kinatimiza hayo vizuri zaidi kuliko karatasi iliyotiwa sahihi barazani kwa haraka.

Tumekubaliana pia kuhusu fedha. Mradi haununui hati na haulipi kwa kuonyeshwa hati, kwa kuwa bei ikishatajwa katika kijiji kimoja, vijiji vya jirani vitaanza kuuza. Msomaji ndiye anayelipwa posho, kwa sababu anafanya kazi, na kazi yake ni ngumu kuliko ya mpiga picha.

Januari

Upigaji picha unakwenda vizuri. Kamera imefungwa juu ya fremu ikitazama chini, hati imelala juu ya sponji mbili ili mgongo wake usivunjike, na mwanga ni ule wa dirishani, bila mmweko. Kila picha ina rula na kadi ya rangi pembeni. Hati zenyewe ni za namna mbalimbali. Chache ni za karatasi nene ya zamani na wino wa masizi uliochanganywa na gundi, ambao ungali mweusi kabisa. Nyingi zaidi ni madaftari ya shule ya katikati ya karne iliyopita, yaliyoandikwa kwa kalamu ya kawaida, na haya ndiyo yanayopuuzwa na wageni kwa kuwa hayana sura ya ukale. Sisi tunayapiga picha kwa uangalifu ule ule. Daftari la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada linaweza kuwa nakala pekee iliyobaki ya utenzi mzima.

Madaftari hayo yana jambo la kuifikirisha historia ya mji huu. Serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na gazeti la Kiongozi likaanza kuchapishwa hapa mwaka 1904 kwa herufi za Kirumi. Tanga, kwa maneno mengine, ni mmoja wa miji ambamo Kiswahili cha herufi za Kirumi kilipata nguvu mapema sana. Hata hivyo, mwendo mfupi kutoka mjini, watu waliosoma chuoni, yaani madrasa, waliendelea kuandika tenzi zao kwa herufi za Kiarabu kwa miongo mingi baadaye, bila kuona kwamba wamebaki nyuma ya mtu yeyote. Wageni wanaofika Machui huuliza kuhusu Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, hapo Machui, mwaka 1909, na ni haki yake kuulizwa. Lakini wapo wanaoondoka wakidhani kwamba ushairi wa upande huu ulianza naye.

Kazi ngumu ilianza tulipotoka kwenye picha na kuingia katika usomaji. Kiarabu hakina herufi za asili za p, ch, v, g wala ny, na alama zake za irabu ni tatu tu, ambapo fataha hubeba a, kisra hubeba i na e, na dhumma hubeba u na o. Waandishi wengine waliongeza nukta ili kutofautisha sauti, wengine hawakuongeza, na wengine waliziongeza walipokumbuka. Vilevile m au n inayotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa kabisa. Matokeo yake ni kwamba herufi moja, ba, inaweza kusomwa b, p au mb, na umbo moja lenye fataha mbili likawa bata, pata au mbata. Umbo lingine likawa baba, papa, pamba au bamba. Msomaji hapewi neno, anapewa maneno manne, naye achague.

Kanuni za utungaji humsaidia kwa kiasi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani (silabi) nane nane, vitatu vya kwanza vikishirikiana kina na cha nne kikibeba kina kinachopita utenzi wote, kwa hiyo neno lililo mwishoni mwa kipande hubanwa na kina chake: mahali panapodai -mba, papa haiwezi kukaa. Mizani nayo hubana, kwa kuwa neno lenye m inayojitegemea lina mizani ya ziada. Lakini neno likiwa mwanzoni mwa kipande, na machaguo yake yote yakiwa na mizani mbili, kina na mizani havina la kusema. Hapo hubaki maana, na maana haimo katika karatasi peke yake.

Mfano umetufikia Tongoni, katika hati inayoeleza shehena ya jahazi. Maalim anayetusomea, ambaye ndiye mwenye khati nzuri na elimu ya Kiarabu kijijini, alisoma kwamba jahazi lilibeba pamba na mbata, yaani nazi kavu. Bibi mwenye nyumba alikuwa uani akisuka ukili, na sauti yake ilifika barazani kabla yeye mwenyewe hajafika.

"Si pamba, Maalim. Ni papa."

"Shikamoo, mama. Hapa pameandikwa ba na ba, na pamba inakubali."

"Marahaba. Papa nayo inakubali. Mama yangu alikuwa akisema papa."

Bibi hasomi herufi hizo. Utenzi anao kifuani, ameupokea kwa mama yake katika usukaji wa mikeka, na anaujua kwa mfuatano wa beti, si kwa kurasa. Maalim hakukasirika wala hakukubali. Aliuliza jahazi hilo lilikuwa linatoka wapi, na Bibi akajibu kwamba linatoka Arabuni. Kikao kikabadilika tangu hapo, kwa kuwa majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka pwani za Arabuni yalileta papa mkavu, tende na chumvi, na yaliporudi na kusi yalichukua boriti za mikoko na mazao ya huku. Jahazi likiwa linakuja, papa ina nguvu. Likiwa linarudi, pamba ina nguvu, na mbata vilevile. Ubeti wenyewe hautaji upande wa safari. Beti zilizotangulia zimo katika karatasi mbili ambazo hazionekani.

Tuliuacha mjadala bila mshindi, na tumekata shauri juu ya utaratibu. Kuanzia sasa hakuna hati itakayohesabiwa kuwa imekamilika katika katalogi kwa kuwa na picha tu. Kila hati itakuwa na picha, sauti ya msomaji mmoja angalau akiisoma mbele ya hati yenyewe, na jina la msomaji huyo katika safu ile ile ambayo maktaba huandika jina la mwandishi. Mwenzetu wa chuo kikuu ameliona hili kuwa ni kuzidisha kazi. Naona kinyume chake: picha bila usomaji ni kuhamisha tatizo kutoka sanduku la mbao hadi diski ya kompyuta.

Februari, kaskazi shwari

Tumevuka hadi Karange. Kisiwa hiki, pamoja na Jambe na Toten, kimo ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki adimu wa kale) iliyoanzishwa mwaka 2009, kwa hiyo ruhusa ya kufika na vifaa iliombwa mapema kwa wasimamizi wake. Wavuvi hupiga dago huko katika msimu huu, baadhi yao wakitoka Pemba, na walikuwa na subira kubwa na maswali yetu, hasa jioni baada ya kuanika nyavu.

Sababu ya kuwafuata ni kwamba tenzi hazikutembea kwa karatasi peke yake. Mtu aliyejifunza beti Pemba huzileta dagoni, mwenzake wa Kigombe huzichukua, na zikishafika kijijini mtu mwenye kalamu huziandika. Tulisoma beti za shehena mbele ya baharia mmoja mtu mzima bila kumweleza ubishi wa Tongoni. Aliitikia kwa kuzikamilisha mwenyewe beti mbili zinazofuata, kwa maneno ambayo hayamo katika hati yetu, na katika usemi wake shehena ilikuwa papa na tende, mbata haikuwamo kabisa. Alipoulizwa kwa nini si pamba, alieleza kwa ufundi wa kazi yake: pamba ni nyepesi na hujaza chombo kabla haijakipa uzito, na nahodha anayekuja na kaskazi kutoka mbali angependa kitu cha kukilaza chombo majini. Sijui kama mtunzi aliyafikiria hayo. Ila huo ni ufafanuzi ambao mimi na Maalim tusingeweza kuutoa, na umeingizwa katika faili la ubeti huo kama ulivyotamkwa, kwa Kipemba chake.

Kuhusu lahaja, tumekubaliana mapema tusije tukajuta. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilijenga Kiswahili sanifu juu ya Kiunguja, na Kimtang'ata, lahaja ya pwani hii, ambacho W.H. Whiteley alikiandikia kitabu kidogo mwaka 1956, kikabaki lugha ya nyumbani. Mwanafunzi anayenukuu sauti hujikuta akisanifisha bila kukusudia, kwa kuwa mkono wake umezoea shule. Unukuzi wetu unaandika kilichosikika. Usanifu, ukihitajika, utakaa katika safu ya pili.

Upepo dagoni uliharibu sehemu ya rekodi za mchana, kwa hiyo tulihamia ndani ya banda la makuti, vinasa sauti vikiwa vimevalishwa manyoya ya kuzuia upepo. Za usiku ni safi.

Machi hadi Mei, Ramadhani na masika

Ramadhani imesimamisha kazi za mchana, na haikuwa hasara, maana baada ya tarawehe watu hukaa barazani na baadhi ya tenzi husomwa kwa hiari yao, si kwa ombi letu. Tulisikiliza zaidi kuliko tulivyorekodi.

Mvua zilipoanza tulifunga masanduku. Hati iliyokaa kavu mwaka mzima ikifunuliwa katika hewa ya masika hunywa unyevu, kurasa hushikana na ukungu hupata njia. Hakuna picha yenye thamani ya hasara hiyo.

Juni na Julai, kusi

Bahari imechafuka, vyombo viko juu, na sisi tuko mezani na katalogi. Wengi hudhani hii ndiyo sehemu kavu ya mradi, nami naiona kuwa ndiyo yenye utamu.

Hati za tenzi hujieleza zenyewe kwa wingi. Beti za mwisho mara nyingi hutaja jina la mtunzi, mwaka na idadi ya beti, na idadi hiyo ni rasilimali kubwa, kwa kuwa tukihesabu beti zilizopo na kulinganisha na zilizotajwa tunajua ni ngapi zimepotea, hata kama hatujui zilisema nini. Kwa hati ya shehena tumeweza kukadiria kwamba karatasi zinazokosekana ni zile mbili tu tulizozidhania. Chini ya kila ukurasa, waandishi makini waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, na kwa njia hiyo tumerudisha katika mpangilio furushi moja la Mwarongo ambalo lilikuwa limechanganyika kwa kufunguliwa na kufungwa na watu wengi. Kazi hiyo tuliifanya kwa picha kwenye kompyuta. Furushi lenyewe litapangwa na wenyewe, wakitaka.

Tarehe ndizo zinazohitaji tahadhari. Mwaka wa Hijria hubadilika katika Muharamu, lakini watu wa pwani huhesabu miezi kuanzia baada ya Ramadhani: Mfungo Mosi ni Shawali, na Muharamu ni Mfungo Nne. Kwa hiyo hati iliyoanzwa Mfungo Mosi wa mwaka mmoja na kumalizwa Mfungo Sita inaweza kubeba miaka miwili ya Hijria bila mwandishi kuona ajabu yoyote. Ongeza kwamba siku huanza magharibi, na kwamba usiku wa Ijumaa kwa hesabu hiyo ndio ambao redio ingeuita Alhamisi usiku. Katika katalogi tunaandika tarehe kama ilivyoandikwa, na mbele yake tunaweka mwaka wa Miladi peke yake. Mwaka 1307, kwa mfano, ulianza mwishoni mwa Agosti 1889, na kuukadiria zaidi ya hapo bila jina la siku ya juma ni kujipa uhakika wa bure.

Katika furushi la Mwarongo zilikuwamo pia kurasa za miongo, yaani hesabu ya mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ambao siku zake hupangwa kumi kumi kwa ajili ya kilimo na safari. Mwaka huo una siku 365, bila siku ya ziada, ndiyo maana Siku ya Mwaka husogea siku moja katika kila miaka minne ukiilinganisha na kalenda ya ukutani. Mzee mmoja wa Kigombe angali anapanda kwa miongo. Alizisoma kurasa hizo kwa kasi kuliko alivyosoma utenzi wowote, akatuonyesha mahali ambapo mwandishi aliruka mwongo mzima, na akasema kwa upole kwamba aliyeandika hakuwa mkulima.

Agosti

Mwezi huu umetumika kuamua nini kisionekane. Katika hati zilizopigwa picha zimo kurasa ambazo hazikuandikwa ili zisomwe na kila mtu: maandishi ya makombe (yanayooshwa na kunywewa kwa tiba) na hirizi, orodha za madeni, maelezo ya talaka ya watu ambao wajukuu wao wanaishi mtaa mmoja na sisi tunaowahoji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi dhidi ya matumizi ya kibiashara yasiyo na idhini, lakini hakuna sheria itakayomwambia mtafiti kwamba deni la mtu lililoandikwa pembeni mwa utenzi si lake kulitangaza. Hilo linaamuliwa na ukoo. Tumewapa wazee wa kila nyumba picha zilizochapwa kwenye karatasi, pamoja na kalamu nyekundu, na wametia alama kurasa wanazotaka zibaki kwao. Nyumba moja ilitia alama karibu kila ukurasa. Tumefuta picha hizo mbele yao, kwenye kamera na kwenye diski.

Mfadhili ameuliza kama uamuzi huo haupunguzi matokeo ya mradi. Nimemwandikia kwamba unapunguza idadi ya picha.

Septemba, Mfungo Sita

Maulidi yamewarudisha nyumbani watu wanaoishi mijini na ng'ambo ya mpaka, na kwa sababu hiyo tumepata vikao vya ukoo ambavyo visingewezekana mwezi mwingine. Kikao cha hati ya shehena kilifanyika Tongoni, si mbali na magofu ya msikiti wa kale na makaburi yake yapatayo 40 ambayo watalii huja kuyatazama, na ambayo kwa wenyeji ni makaburi tu, yenye watu wanaoombewa dua.

Jambo lililojadiliwa ni kijitabu. Ukoo unataka utenzi wao uchapwe kwa herufi za Kirumi kwa ajili ya vijana, na ukurasa wa kushoto uwe na picha ya hati. Hapakuwa na mgogoro juu ya hilo. Mgogoro ulikuwa juu ya neno. Maalim aliona kwamba kitabu chenye pamba na papa pamoja kitamfanya msomaji adhani wenyewe hawajui utenzi wao. Bibi aliona kwamba kama ni pamba peke yake, jina lake lisiwekwe. Kijana mmoja aliyetoka Mombasa alipendekeza tupige kura, akanyamazishwa na mjomba wake kwa jicho.

Aliyefungua njia ni Maalim mwenyewe. Alikumbusha kwamba hata vitabu vikubwa vya dini vina visomo zaidi ya kimoja vinavyokubalika, kila kimoja kikiwa na mlolongo wa watu waliokipokea, na kwamba kinachokipa kisomo nguvu ni kujulikana kimetoka kwa nani. Basi na iandikwe hivyo. Kwenye mstari patakuwa na papa, kwa kuwa wasomaji wawili kati ya watatu, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa dagoni, wamekipokea hivyo bila kujuana. Pembeni patakuwa na pamba, na jina la Maalim. Na nyuma ya kitabu kila msomaji ataeleza alikipata kwa nani na wapi. Nimefanya kazi na wahariri wa vitabu vya kitaaluma wasiofikia uadilifu huo.

Jalada litakuwa na majina manne: la mtunzi kama linavyotajwa katika ubeti wa mwisho, la aliyenakili, na ya wasomaji wawili wa kijiji. Baharia wa Pemba ameomba atajwe kwa jina la dago badala ya jina lake. Mradi utatajwa ndani, kwa herufi ndogo, pamoja na duka la mjini lililochapa.

Oktoba, matlai

Majaribio ya kijitabu yametoka. Bibi ameyakataa kwa sababu ya ukubwa wa herufi, si kwa ajili yake, maana yeye hasomi, bali kwa ajili ya wenzake wa umri wake wanaosoma herufi za Kirumi kwa taabu. Tumeongeza ukubwa na kurasa zimezidi, na gharama pamoja nazo. Sauti zimewekwa kwenye kadi za kumbukumbu za simu, zikagawiwa kwanza katika nyumba zilizorekodiwa, kisha chuoni, ambako Maalim anazitumia kuwafundisha wanafunzi kusoma Kiswahili kwa herufi ambazo wao huzijua kwa ajili ya Kurani peke yake. Ameomba rekodi zikatwe ubeti kwa ubeti ili mwanafunzi aweze kurudia mmoja bila kuutafuta. Kazi hiyo imeanza, na inachukua muda kuliko tulivyoipangia bajeti.

Furushi la Mwarongo halitaingia katika uchapaji wa mwaka huu. Warithi wa Pangani wamekubali, wa Mombasa hawajajibu, na wakfu ulioandikwa katika ukurasa wa kwanza unamtaja msimamizi ambaye kizazi chake kinaaminika kiko Vanga, upande wa Kenya. Kaskazi ikitulia tutawatafuta kwa njia ya bahari, tukiongozwa na mtu wa ukoo, na kurasa za miongo zitangoja pamoja na zile nyingine.